Mtemi Isike wa Unyanyembe: Ngome iliyozima risasi, ikamalizwa na baruti yake

Na Mwandishi Wetu, Tabora

UKITOKA katikati ya mji wa Tabora na kuelekea Kwihara, utalikuta tembe ambalo watalii wengi hulifuata, lile alimoishi Dk David Livingstone mwaka 1872. Tembe hilo lilijengwa upya katika karne ya 20 na limegeuzwa makumbusho. Wageni huingia, hupiga picha, kisha huondoka.

Ni wachache wanaouliza habari za ikulu nyingine iliyokuwa nje kidogo ya mji huo huo, ambayo kwa takriban miaka 17 ilikuwa na sauti kubwa kuliko nyumba yoyote katika njia ya misafara ya magharibi. Hiyo ni ikulu ya Mtemi Isike, maarufu pia kwa jina la Isike Mwanakiyungi, mtawala wa Unyanyembe aliyefariki dunia Januari 1893 kwa kulipua ghala lake mwenyewe la baruti, huku askari wa Kijerumani wakiwa tayari wameingia ndani ya kuta.

Kisa chake hutajwa katika vitabu vya historia kwa aya moja au mbili tu, kama mfano wa ushujaa. Hata hivyo, ndani ya kisa hicho kuna swali jingine ambalo wahandisi wa leo hulishughulikia katika maabara. Inakuwaje ukuta uliosimama miaka mingi ukibeba paa zito, ukanyeshewa na masika na kupigwa risasi pasipo kuanguka, usambaratike katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho?

Jibu lake linahusu kasi. Ili kulielewa, hatuna budi kuanza na maisha ya mtemi mwenyewe.

Mtoto wa njia ya misafara

Isike alizaliwa katika ukoo wa kitemi wa Unyanyembe wakati nchi hiyo ikiwa njia panda ya biashara ya Afrika Mashariki. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyanyembe, na kutoka hapo ikagawanyika. Mingine ilikwenda Ujiji katika Ziwa Tanganyika, mingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda.

Kila mpagazi alibeba mzigo wa takriban kilo 30, nao Wanyamwezi walisifika kuwa wapagazi hodari kuliko wote. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti zilipanda bara. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa pia watumwa, jambo ambalo historia ya Tabora haiwezi kulifumbia macho.

Wafanyabiashara Waarabu kutoka Zanzibar na Oman walifanya makazi yao Unyanyembe katikati ya karne ya 19, enzi za Mtemi Fundikira. Baada ya Fundikira kufariki mwishoni mwa miaka ya 1850, alirithiwa na Mnywa Sere, kijana aliyethubutu kuwatoza kodi wafanyabiashara hao. Waarabu walimwondoa na kumweka Mkasiwa, ambaye pia aliitwa Kiyungi. Mnywa Sere alipigana vita vya msituni kwa miaka kadhaa hadi alipouawa mwaka 1865.

Mkasiwa ndiye baba wa Isike. Hivyo mtemi huyu alikulia katika ikulu iliyokuwa na deni. Baba yake alikalia kigoda kwa msaada wa wageni, na kila mtu Unyanyembe alilijua hilo.

Katika utawala wa Mkasiwa ndipo Mirambo wa Urambo alipoinuka na kuitikisa njia nzima. Kati ya mwaka 1871 na 1875 Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora pamoja na washirika wao, na Henry Morton Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone alijikuta ameingia katika vita hivyo. Tabora ilishambuliwa, misafara ikakwama, na bei ya kila bidhaa ikapanda.

Mkasiwa alipofariki mwaka 1876, Isike alishika utemi. Somo alilolipata kutoka kwa baba yake na kwa jirani yake Mirambo lilikuwa moja: asiye na bunduki na ngome hawezi kuitwa mtawala.

Mtemi anajitanua

Katika miaka ya mwanzo Isike alikuwa mshirika wa Waarabu kama baba yake. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, uzito wa mambo ulihamia upande wake taratibu. Alitoza hongo kwa misafara, akajikusanyia pembe, akanunua bunduki na baruti, na akaajiri rugaruga, wale vijana wapiganaji waliotisha nchi za magharibi wakati huo.

Mirambo alifariki Desemba 2, 1884, na Urambo haikupata tena mtu wa kimo chake. Kuanzia hapo Isike alibaki kuwa mtemi mwenye nguvu kuliko wote katika eneo la Tabora. Wafanyabiashara ambao zamani walimweka baba yake madarakani sasa walilazimika kumbembeleza mwana.

Ikulu yake ilijengwa kwa kufuata ujenzi wa tembe, ila kwa kiwango cha vita. Tembe la Kinyamwezi ni nyumba ya mstatili yenye paa la bapa lililofunikwa udongo, na kuta nene za udongo ulioshindiliwa kuzunguka miti iliyosimikwa ardhini. Neno lenyewe ikulu, ambalo leo hutumika kwa makazi ya Rais wa nchi, hutajwa na wataalamu wa lugha kuwa limetoka katika lugha za ukanda huu wa Unyamwezi na Usukuma.

Ndani ya kuta hizo kulikuwa na makazi ya mtemi na watu wake, maghala ya chakula, na ghala la baruti.

Wajerumani wanaingia

Katikati ya mwaka 1890, Emin Pasha akiwa mtumishi wa Ujerumani aliwasili Tabora na msafara mkubwa. Alifanya mapatano na Waarabu wa mji huo, nao wakaikubali bendera ya Ujerumani. Muda mfupi baadaye kituo cha kijeshi kilianzishwa.

Mwaka huo huo, mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels uliozuia uingizaji wa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Kwa hiyo Isike alibaki na kile alichokwisha kukihodhi, yaani magobore mengi, bunduki chache bora zaidi, na baruti.

Kwa muda wageni hao hawakuwa na nguvu ya kumwondoa. Askari wao walikuwa wachache, pwani ilikuwa mbali, na Agosti 1891 jeshi la Kijerumani lilikuwa limeangamizwa na Wahehe wa Mtwa Mkwawa huko Lugalo, Iringa. Isike alitambua hali hiyo. Uhusiano wake na kituo cha Tabora ulizidi kuharibika, na njia ya misafara ikawa ya hatari.

Mwaka 1892 Wajerumani waliishambulia ikulu yake kwa bunduki na mzinga, wakashindwa kuiteka. Kuta za udongo zilisimama.

Kwa nini udongo ulisimama

Hapa ndipo mahali pa kutua kidogo na kuitazama fizikia ya jambo lenyewe.

Tunapozungumzia nguvu ya kitu, iwe chuma, tofali au udongo, tunadhani ni namba moja isiyobadilika. Tofali hili linabeba kilo kadhaa, likizidishiwa linapasuka, basi. Ukweli ni kwamba namba hiyo hubadilika kulingana na kasi ambayo kitu kinalazimishwa kubadilika umbo.

Mfano ulio karibu nasi ni lami. Lori lililoegeshwa kutwa nzima juani huacha alama ya matairi katika lami, kwa maana lami imesukumwa polepole na ikakubali kusogea. Chukua kipande cha lami hiyo hiyo asubuhi ya baridi, ukipige nyundo ghafla, kitavunjika kama kigae. Kadiri kinavyosukumwa kwa haraka ndivyo kinavyokuwa kigumu zaidi, na ndivyo kinavyopoteza uwezo wa kupinda kabla ya kuvunjika.

Vyuma navyo vina tabia hiyo, ingawa si kwa dhahiri kama lami. Ndani ya chuma atomu zimepangwa kwa safu katika fuwele, na katika safu hizo mna kasoro ndogondogo. Chuma kinapopinda, kasoro hizo huteleza kutoka safu hadi safu, zikisaidiwa na mtetemo wa joto. Zikipewa muda, huteleza kwa kani ndogo. Zikinyimwa muda, huhitaji kani kubwa zaidi. Ndiyo maana chuma laini cha kawaida kikigongwa kwa kasi kubwa sana kinaweza kuhimili mkazo unaokaribia mara mbili ya ule unaokipinda polepole.

Mhunzi wa Kinyamwezi alilijua jambo hili mikononi mwake bila kulisoma popote. Majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa nchi za kaskazini magharibi ya Tabora yaliuzwa mbali na hata kutumika kama mahari. Mhunzi hakukigonga chuma kikiwa baridi. Alikitia motoni kwanza, kwa sababu joto huzipa zile kasoro wepesi wa kuteleza hata chini ya pigo la nyundo. Vilevile mafundi waliotengeneza vikuku kutokana na masango, yaani nyaya nene za shaba zilizoletwa na misafara, walizivuta waya hizo kwa subira hadi zikawa nyembamba.

Kwa bahati ya kalenda, mwaka ule ule wa 1872 ambao Livingstone alikuwa Kwihara, mhandisi Mwingereza John Hopkinson alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya waya wa chuma. Aliuning'iniza waya, akauangushia uzito uliokamatwa kwenye ncha yake ya chini, kisha akatafuta ni kimo gani kingeukata. Aligundua kuwa kilichoamua zaidi ni kimo cha kuangukia, yaani kasi ya pigo, kuliko ukubwa wa uzito wenyewe.

Mwanawe, Bertram Hopkinson, aliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1905 alionyesha kuwa waya wa chuma unaweza kustahimili, kwa muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, mkazo mkubwa kuliko ule ambao ungeuharibu ukiwekwa kwa utulivu. Mwaka 1914 alieleza namna ya kupima pigo la risasi na la mlipuko kwa kutumia fimbo ndefu ya chuma. Fimbo za namna hiyo, zikiwa zimeboreshwa mwaka 1949 na Herbert Kolsky, hutumika hadi leo katika maabara za dunia.

Sasa turudi katika ukuta wa Isike. Risasi ya bunduki inapopiga ukuta mnene wa udongo mkavu, inataka kuusaga na kuusogeza udongo kwa muda mfupi mno. Udongo hukataa kwa namna mbili. Kwanza, nyufa zake hazipati muda wa kutafuta njia rahisi ya kupita, hivyo hulazimika kupasua hata sehemu zilizo imara. Pili, uzito wenyewe wa udongo unachelewa kuondoka mahali pake. Nguvu ya risasi inaishia katika kusaga unga mchache, na risasi inabaki ndani.

Kombora dogo la mzinga lilifanya zaidi ya hapo, lakini madhara yake yalikuwa ya mahali lilipopiga. Pigo la haraka huharibu jirani yake tu, kwani sehemu za mbali za ukuta huwa bado hazijapata habari. Ukuta wa udongo wenye miti ndani ulitobolewa tundu bila ya kuporomoka wote, na usiku tundu liliweza kuzibwa kwa udongo mwingine.

Januari 1893

Mwishoni mwa mwaka 1892 Wajerumani walimleta Luteni Tom von Prince, ofisa kijana ambaye Waafrika walimpa jina la Bwana Sakarani. Januari 1893 aliongoza shambulio jipya, na safari hii askari wake waliingia ndani ya ngome.

Isike alijua nini kingefuata. Mtemi aliyekamatwa angefungwa au kunyongwa mbele ya watu wake. Alirudi nyuma chumba baada ya chumba hadi katika ghala la baruti, akiwa na baadhi ya jamaa zake, na hapo akaiwasha.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, mkaa na kibiriti. Ikiwashwa mahali pa wazi, huwaka kwa mwako mkubwa na moshi mwingi, kisha imekwisha. Ikiwashwa ndani ya chumba, gesi yake hukosa pa kwenda, na shinikizo hupanda kwa kasi ambayo hakuna paa wala mlango unaoweza kuipunguza kwa wakati.

Zaidi ya hayo, mlipuko wa ndani ulizikuta kuta upande wa udhaifu wake. Ukuta wa udongo ni hodari wa kubeba mgandamizo, yaani kukandamizwa na paa kutoka juu. Ukisukumwa nje kutoka ndani, unavutwa na kupindwa, na udongo hauna nguvu ya kuvutwa. Ni kweli kwamba hata nguvu hiyo ndogo huongezeka mzigo unapokuja kwa kasi. Lakini mzigo wenyewe uliongezeka mara nyingi zaidi, na udongo hauna uwezo wa kunyumbuka kidogo ili kujiokoa. Ulikuwa mgumu kuliko kawaida yake kwa chembe ya sekunde, kisha ukawa vipande.

Hivyo ndivyo alivyokwisha Mtemi Isike. Hakufa kwa risasi za adui, bali kwa baruti aliyoikusanya kwa miaka mingi ili imlinde.

Baada ya Isike

Wajerumani walimweka Nyaso, mwanamke wa ukoo wa kitemi, kuwa mtawala wa Unyanyembe. Bwana Sakarani alikwenda Iringa, ambako Oktoba 1894 alishiriki kuiteka ngome ya Mkwawa pale Kalenga. Yeye mwenyewe aliuawa Novemba 1914 katika mapigano ya Tanga.

Tabora iliendelea kuwa kituo kikuu cha utawala, na boma la Wajerumani lingali linaonekana mjini. Mwaka 1912 reli ya kati ilifika, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mzigo uliohitaji miezi mabegani mwa wapagazi sasa ulichukua siku chache, na njia ya misafara ikabaki na miembe yake.

Ukiyatazama maisha ya Isike kwa jumla, utaona kuwa nchi yake ilihimili shinikizo la polepole kwa zaidi ya kizazi kimoja. Wafanyabiashara walikuja mmoja mmoja, makazi yakakua, hongo ikajadiliwa, watemi wakaondolewa na kuwekwa. Unyanyembe ilijikunja na kujikunjua. Shinikizo la Wajerumani lilikuja katika muda wa miaka mitatu tu, kati ya 1890 na 1893. Mtemi alikaza kuliko baba yake alivyopata kukaza, na hapakuwa na nafasi ya kupinda.

Nchi si kipande cha chuma, na haifai kulazimisha mfano huo kupita kiasi. Bwana Sakarani alikuwa na silaha bora na serikali nyuma yake, na hilo peke yake linaeleza mengi.

Hata hivyo, somo la kuta linabaki na uzito wake leo. Familia nyingi za Tabora, Kigoma na Kagera bado huishi katika nyumba za tofali za udongo, na ukuta wa namna hiyo unaweza kusimama miaka 40 chini ya paa lake bila malalamiko. Septemba 10, 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliukumba Mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba ziliharibika katika muda wa sekunde.

Kuta hizo hazikuwa zimechoka kubeba paa. Zilitikiswa upande upande, zikavutwa na kupindwa ghafla, kama ilivyokuwa kwa kuta za Isike, na hazikuwa na kitu ndani yake cha kuzishika. Wahandisi hushauri kufunga mkanda wa mbao au zege juu ya kuta zote, kuunganisha vizuri pembe za nyumba, na kupunguza uzito wa paa, ili ukuta ukishtuliwa uwe na namna ya kunyumbuka.

Wazee waliojenga matembe kwa kusimika miti ndani ya udongo walikuwa wamelifikia wazo hilo zamani. Mti hunyumbuka pale ambapo udongo hupasuka, na ni sehemu ya sababu iliyofanya ikulu ya Isike isiporomoke mwaka 1892.

Wageni wataendelea kwenda Kwihara kuliona tembe la Livingstone, na ni vyema waende. Mwongozaji akipata dakika tano za ziada, na awaeleze pia habari za mtemi wa nchi hiyo ambaye kuta zake ziliwarudisha nyuma maadui zake kabla ya kuangushwa na baruti yake mwenyewe.